Kutu Iliyofanywa Mlinzi

Aliyezaliwa Mombasa hahitaji kufundishwa ubaya wa kutu. Bati hutoboka, bawaba za mlango wa uani hulia kila alfajiri, na panga lililosahaulika nje msimu wa kusi huokotwa likiwa jekundu. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi katika karakana moja ya Kilindini, na kazi yake ya miaka yote ilikuwa hiyo hiyo: kukwangua kutu, kupaka rangi ya msingi, kupaka rangi ya juu, kisha kurudi alikoanzia kwa sababu hewa ya bahari ilikuwa imeshamtangulia. Sisi wapwa zake alikuwa akituambia kwamba chuma kina njaa ya kurudi udongoni. Basi nilipoambiwa, ukubwani na mbali na bahari, kwamba mtutu wa bunduki ya zamani hulindwa kwa kutiwa kutu makusudi, nilimwomba msemaji arudie.

Msemaji huyo ni jirani yangu hapa Pennsylvania, mzee wa Kimarekani aliyestaafu kazi ya kuchonga vyuma kiwandani. Macho yake bado makali, lakini mikono inatetemeka. Alikuwa na bunduki ya marisau ya marehemu baba yake na alitaka mtu wa kumwazima mikono. Mimi si mwindaji wala sijawahi kumiliki silaha. Nilikubali kwa ajili ya chuma chenyewe, na kwa sababu mtu wa umri ule akikuomba msaada humkatalii. Kazi yote tuliifanyia ghalani kwake. Bunduki haikuvuka ua. Marekani sheria ya taifa humruhusu mwenye silaha kuing'arisha silaha yake mwenyewe nyumbani, ila anayezifanyia kazi silaha za watu kwa biashara lazima awe na leseni ya serikali kuu, na kufuta au kubadili namba ya silaha ni kosa la jinai. Hayo mzee alinieleza kabla hajafungua kabati. Kisha akaifungua bunduki katikati, akanionyesha mwanga ukipita ndani ya mitutu yote miwili, akanikabidhi nitazame mwenyewe. Kila tulipoishika upya tulianza na hilo, hata kama tulikuwa tumeiweka chini kwa ajili ya kunywa chai tu.

Ni Sterlingworth ya geji 12, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, iliyotengenezwa Philadelphia na kampuni ya A. H. Fox kabla kampuni hiyo haijanunuliwa na Savage mwaka 1929 na kazi kuhamishiwa Utica, New York. Sterlingworth ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu katika ukoo wa Fox. Haina nakshi za mbwa na ndege kama nyingine zilizotoka kiwanda hicho; ilinunuliwa na wakulima na watu wa mshahara, wakawindia sungura na ndege wa porini. Lakini jina la Fox limepita kwetu pia. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwenda kuwinda bara, katika mizigo yake ilikuwamo bunduki ya marisau aliyozawadiwa na Ansley Fox mwenyewe, na bunduki hiyo iliuzwa kwa mnada Marekani mwaka 2010 kwa zaidi ya dola 800,000. Mzee alizijua habari za bunduki ile na za mnada wake. Alichokuwa hajui ni kwamba safari ile ilianzia katika mji wangu, na tangu siku hiyo aliniuliza habari za Mombasa kila tulipokuwa tukingoja maji yachemke.

Jioni ya kwanza msasa haukutoka kwenye boksi. Tulitazama. Baba yake aliihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia, na chumvi zilizobaki humo tangu ilipotengenezwa huufanya unyevu huo kuwa mkali zaidi. Mitutu ilikuwa ya kahawia sehemu kubwa, na pale mkono wa kushoto wa mwindaji ulipozoea kushika kulikuwa na mashimo madogo ya kutu kama vidoa vya ndui. Tulipoondoa ubao wa mbele tukakuta jambo lingine kabisa. Chini yake, mahali ambapo jua wala jasho havikufika, palibaki kiraka cha rangi ya kiwandani: nyeusi yenye ubluu kwa mbali, isiyong'aa, iliyotulia. Mzee alikiwekea taa na kukaa nacho kimya. Hiyo ndiyo rangi aliyoikumbuka utotoni, na ndiyo iliyokuwa kipimo chetu hadi mwisho.

Mwili wa bunduki, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba mitambo, una historia tofauti. Kiwandani ulifukiwa ndani ya chombo pamoja na mkaa wa mifupa na mkaa wa miti, ukapashwa moto hadi ukawa mwekundu, kisha ukatumbukizwa majini. Ngozi ya juu ya chuma huwa ngumu kwa namna hiyo, na juu yake hubaki mawingu ya bluu, kahawia na kijivu ambayo hayafanani katika bunduki mbili. Mawingu hayo huisha polepole kwa mikono na mwanga. Katika bunduki hii yalibaki kwenye pembe na chini ya mitutu inapokalia. Kwingine kote chuma kimekuwa cha rangi ya fedha iliyochakaa.

Mtoto wa kiume wa mzee alitaka yote yawe mapya, mwili na mitutu, na alikuwa ameona watu wakirudisha mawingu yale kwa moto wa gesi. Mzee alikataa katakata, nami namuunga mkono kwa nguvu zote. Moto wa gesi hupaka rangi za uongo, na tena huweza kulegeza ugumu wa chuma kinachozuia mlipuko mbele ya uso wa mpigaji. Hilo halina mjadala. Lakini hata bila hatari hiyo, rangi ile ya fedha iliyochakaa ni mikono ya baba yake, msimu kwa msimu. Ukiisugua umemfuta mtu.

Mitutu je? Hapo ndipo nilipojifunza kufikiri kama fundi. Mzee hakusema "tufanye" wala "tusifanye." Alisema tuichemshe kwanza.

Nieleze sababu. Kutu nyekundu ni ya vinyweleo. Hunywa maji, huvimba, hubanduka, na kila inapobanduka huacha chuma kipya kiliwe. Ukiichemsha kwenye maji safi kwa muda, sehemu ya kutu hiyo hugeuka kuwa kutu nyeusi, ambayo ni oksidi ya aina nyingine ya chuma kile kile. Nyeusi hushikamana na chuma, hailegei, na hukaa na mafuta vizuri. Kwa hiyo bunduki ambayo bado ina rangi yake ya zamani chini ya kutu inaweza kuokolewa kwa maji ya moto na brashi laini peke yake, bila kuondolewa hata unyuzi mmoja wa chuma. Watu wengi hawafiki hatua hii. Wakiona wekundu wanakimbilia msasa, na msasa hauchagui kati ya kutu na rangi ya mwaka 1920.

Tuliichemsha mitutu, tukaisugua. Wekundu uliondoka karibu wote, lakini rangi ya kiwandani haikuonekana popote isipokuwa pale chini ya ubao. Ilikuwa imekwisha zamani. Hapo ndipo mzee alipotoa hukumu: mwilini kuna kitu cha kupoteza, usiguswe; mitutuni hakipo tena, na mashimo yale yataendelea kula yakiachwa, basi ipakwe upya kwa njia ile ile iliyotumika mara ya kwanza.

Njia zipo tatu ambazo mtu wa nyumbani hukutana nazo. Ya haraka ni dawa ya chupa, ambayo huwa na mrututu na tindikali ya seleni. Unapaka kwa kitambaa, chuma kinakuwa cheusi papo hapo. Ni sumu ya kushika bila glavu, rangi yake ni nyembamba, huisha pale mkono unaposhika, na huacha harufu ambayo wanunuzi wazoefu huinusa kabla hata hawajavaa miwani. Kwa kichwa cha skrubu inafaa. Kwa mtutu mzima ni kujidanganya. Ya pili ni ya viwandani, iliyoenea kuanzia miaka ya 1930: chuma hutumbukizwa kwenye mchanganyiko wa kostiki na shura unaochemka kwa takriban nyuzi 140 za Selsiasi. Rangi yake ni imara na kazi huisha mchana mmoja, lakini mchanganyiko huo ukiingiwa na maji kwa pupa huruka na kuunguza ngozi hadi mfupani, na zaidi ya hapo hula bati na risasi ya kulehemia. Mitutu miwili ya bunduki ya zamani imeshikanishwa kwa ulehemu huo huo, pamoja na ukanda mwembamba wa chuma unaopita juu katikati yake. Wapo waliotumbukiza bunduki za namna hii kwenye kostiki na kuzitoa vipande. Iliyobaki ni ya kutu, ya polepole, na ndiyo Fox waliyoitumia.

Kabla ya yote mzee aliifunga mitutu kwa kamba na kuiacha ining'inie, akaigonga kwa ukucha. Ililia, sauti ndefu iliyofifia taratibu. Ukanda ukiwa umelegea, alisema, ingetoa sauti ya kopo lililopasuka, na maji ya kuchemshia yangeingia chini yake yakaozesha kutoka ndani. Akapima unene wa kuta za mitutu, maana kila msasa unaopita hupunguza kitu na ukuta mwembamba hauvumilii baruti.

Kisha tukapiga picha maandishi yote: jina la kampuni, mji wa Philadelphia, namba iliyogongwa chini ya mitutu na ambayo hurudiwa kwenye mwili na kwenye chuma cha ubao wa mbele. Juu ya maandishi hatukupitisha msasa kabisa. Kwingine nilisugua kwa mkono, msasa ukiwa umezungushiwa kijiti bapa, kwa urefu wa mtutu, kutoka namba 220 hadi 400. Hakuna mashine. Gurudumu la umeme hung'arisha haraka, lakini huviringisha pembe zilizonyooka, hutanua midomo ya matundu ya skrubu, na huacha herufi kama zilizoandikwa kwenye sabuni iliyotumika. Bunduki iliyopitia gurudumu huitambua ukiwa mlangoni. Mashimo yenye kina tuliyaacha. Kuyafuta kungetaka chuma kingi kuliko mzee alichokuwa tayari kutoa.

Kazi yenyewe ya kutia kutu inataka usafi kuliko nguvu. Alama moja ya kidole ina mafuta ya kutosha kuharibu kazi ya siku nzima, ndiyo maana mafundi wa zamani walisugua mitutu kwa chokaa kabla ya kuanza. Sisi tulitumia asetoni, madirisha yakiwa wazi, na glavu safi. Midomo ya mitutu huzibwa kwa vigingi vya mbao, ambavyo pia huwa vishikio. Halafu unapaka dawa ya tindikali kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi karibu kikauke, mkono mmoja, safari moja, bila kurudi. Ukirudi mahali ulipopita unaacha ukungu wa rangi nyingine.

Dawa tuliyotumia ilikuwa ya kununua, yenye maelekezo yake, na nasisitiza hilo. Kitabu cha R. H. Angier cha mwaka 1936 kuhusu kutia bunduki rangi ya bluu na kahawia bado kinasomwa na mafundi, nami nilikisoma kwa heshima. Lakini mapishi mengi ya enzi hizo yana chumvi ya zebaki, na zebaki inayochemshwa jikoni kwenye nyumba yenye watu haina udhuru wowote.

Baada ya kupaka, mitutu huning'inizwa kwenye kabati lenye unyevu. Mzee alitengeneza kabati la mbao lenye sufuria ya maji na balbu ya kupasha joto. Nilipofungua mlango wake kwa mara ya kwanza uso wangu ulipigwa na hewa ya Mombasa ya mwezi wa Machi, ila haikuwa na chumvi. Nilimweleza hivyo, naye akafurahi sana kusikia kwamba kuna mji mzima unaoishi ndani ya kabati lake. Tofauti ya chumvi ndiyo siri yote. Kutu ya pwani huja kwa chumvi, bila mpangilio, ikichimba pale inapopenda. Kutu ya kabatini huja sawasawa, nyembamba, laini kama unga wa mdalasini, na mtu anaikatiza anapotaka.

Inapokwisha kuenea, baada ya saa kadhaa, mitutu huingizwa kwenye birika refu la maji yanayochemka, maji yaliyokenekwa, yale ambayo kwetu watu huyaita maji ya betri, kwa sababu madini ya bombani huacha madoa. Hapo ndipo jambo lile la ajabu hutokea mbele ya macho: wekundu unazama, weusi unapanda. Ukiitoa inaonekana kama imevaa baizi. Unaisugua kwa brashi ya nyuzi laini za chuma zilizosafishwa mafuta, ule unga wa juu unaondoka, na chini yake unabaki ukungu wa kijivu usiovutia. Mara ya kwanza mtu huona kazi imeshindikana. Mzunguko wa pili unatia giza kidogo, wa tatu unaziba mabaka. Kwa kawaida huenda hadi sita, nane, wakati mwingine kumi, kulingana na chuma, na hakuna njia ya mkato. Ukipaka dawa nyingi kwa pupa, kutu huchimba badala ya kutanda, na inakubidi urudi kwenye msasa.

Mzee alikaa kwenye kiti chake kirefu muda wote huo akitazama mikono yangu. Hakunishika wala kunifokea. Alikuwa akisema tu, "Polepole, bado haijasema," na mimi nilingoja. Tulisimama rangi ilipolingana na kile kiraka cha chini ya ubao, ingawa mwanawe aliona ingefaa iongezwe. Mizunguko zaidi ingeweza kuifanya nyeusi kuliko ilivyotoka Philadelphia, na hapo ingekuwa bunduki nyingine. Baada ya mchemsho wa mwisho tuliilowesha mafuta ikiwa bado ya moto na kuiacha usiku kucha. Kutu nyeusi si rangi ya mafuta wala si plastiki; haizibi hewa. Bila kupanguswa mafuta kila mara itarudi kuwa nyekundu, na mkoba wa ngozi hauhifadhi tena kitu isipokuwa kumbukumbu zake wenyewe.

Nimekuwa nikifikiria ile mizinga miwili ya meli za kivita iliyopo Fort Jesus, mmoja wa Königsberg ya Wajerumani iliyoangamia Rufiji mwaka 1915, mwingine wa Pegasus ya Waingereza iliyozamishwa Unguja mwaka 1914. Tulipokuwa watoto tuliipanda na kuteleza juu yake, na rangi iliyopakwa ilikuwa nene kiasi cha kuziba kila pembe. Mjomba aliitetea rangi ile: kwenye hewa ya chumvi, alisema, bila rangi mzinga hauna miaka mingi. Alisema kweli, na sasa naona kwamba yeye na mzee wa Pennsylvania hawapingani. Chuma cha pwani kinachosimama nje kinataka ngozi ya kuvaliwa. Chuma cha ndani ya nyumba, kinachoshikwa na kupanguswa, kinaweza kulindwa na ngozi yake mwenyewe. Anayekosea ni yule asiyeuliza chuma kinaishi wapi.

Kitu kimoja mzee alikisimamia kwa ukali kuliko vyote. Kazi ilipokwisha aliandika kwa mkono wake kwamba mitutu imepakwa upya, kwa njia gani, mwaka gani, na kwamba mwili haukuguswa. Karatasi hiyo aliiweka pamoja na bunduki. Bunduki ya zamani yenye rangi yake ya asili huwa na thamani kubwa kuliko iliyopakwa upya, hata kama mpya ni nzuri zaidi kwa macho, na wapo wauzaji wanaonyamaza kwa sababu hiyo. Kunyamaza huko ni wizi. Mwanawe akija kuiuza siku moja, mnunuzi atasoma ukweli.

Nanyi mlio nyumbani, nina neno. Silaha ya moto iliyoachwa na babu si ya kufanyiwa majaribio haya ghalani. Nchini Kenya silaha zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Na urithi haukupi ruhusa ya kuishika bila cheti. Ukikuta gobore darini, usiliguse na usilibebe njiani: waite polisi, na waambie mapema kwamba ni la zamani ili watu wa makumbusho washirikishwe. Lakini katika nyumba zetu, Lamu hadi Kilwa, na kwa ndugu zetu walioko Maskati, kuna jambia, panga, kufuli za milango ya kale na masanduku yenye mapambo ya chuma ambayo kila mwaka husuguliwa kwa mchanga na msasa ili wageni wa Idi wakute yanang'aa. Acheni msasa. Pigeni picha kila herufi na kila alama ya fundi, panguseni kwa mafuta kidogo, na kama lazima kifanywe kitu, andikeni kilichofanywa, mwaka, na jina la aliyekifanya, karatasi ikae pamoja na chuma hicho.